Binti Aliyekwenda Kusomea Lugha ya Mama Yake

Keturah Tebbutt aliingia kwenye karakana ya baba yake bila hata kuvua kofia, akasimama kati ya mlango na rundo la ngozi, akasema amepata nafasi ya kwenda chuo.

Enos, baba yake, alikuwa na misumari midogo mdomoni kama mafundi viatu wote wa Northampton, kwa hiyo hakujibu mpaka alipoigongelea yote kwenye soli.

"Chuo gani?"

"Cha wanawake. Ni mwendo wa nusu siku kwa treni. Watanilipia kila kitu, miaka mitatu."

"Kusomea nini?"

"Fasihi ya Kiingereza, baba."

Enos aligeuka kumtazama mkewe Thirza, aliyekuwa anaingia na chai. Thirza naye alimtazama yeye. Kila mmoja alitumaini mwenzake ameelewa.

"Kiingereza," Enos alisema taratibu. "Si ndicho hiki tunachozungumza?"

"Ndicho."

"Na wewe unakijua."

"Nakijua, baba."

"Sasa wanataka kukufundisha nini?"

"Labda tunakikosea," Thirza alisema. Aliweka kikombe juu ya jiwe alilotumia mumewe kupondea ngozi. "Keturah, hebu nieleweshe mama yako. Kijana wa akina Bellamy alikwenda kusomea udaktari, akarudi daktari. Wewe utarudi nani? Mwingereza?"

Keturah alicheka, na baba yake akacheka, lakini Thirza hakuwa amefanya mzaha. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Na Keturah, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na majibu ya kila kitu, akaliruka swali hilo, akaeleza habari yote toka mwanzo.

Mambo yalikuwa hivi. Kwa majira mawili ya baridi, kila Jumanne jioni, mhadhiri mmoja alikuwa anakuja kwa treni kuzungumza juu ya washairi wa kale katika ukumbi wa mji. Wazazi walimruhusu Keturah kwenda wakidhani ni masomo ya sarufi, yatakayomfaa kufundishia shule ya Jumapili. Kumbe aliandika insha kila wiki, akafanya mtihani, akawapita wote, hata mtoto wa wakili. Kilichobaki ni kidogo tu: bibi mmoja wa kamati ya chuo, Bi Haviland, angekuja Ijumaa ya wiki iliyofuata kuwaona wazazi, na kumuuliza mchungaji juu ya tabia ya binti.

"Mchungaji Pridmore atakusifu," Enos alisema. "Hilo halina shida."

"Na cherehani?" Thirza aliuliza. Yeye na Keturah walikuwa wanashona sehemu za juu za viatu, mama akikunja ngozi na binti akizipitisha kwenye cherehani dirishani, mchana kutwa. "Nani atakaa pale?"

Enos alichukua misumari mingine, akaitia mdomoni.

Usidhani Enos alikuwa mtu asiyependa elimu. Tangu Keturah akiwa na miaka sita alikuwa anamketisha kwenye kigoda karakanani amsomee gazeti na Maandiko wakati yeye anagonga nyundo, maana macho ya fundi yako kwenye kazi lakini masikio yake yako huru. Mtoto akisoma haraka haraka, nyundo ilisimama. "Rudia," Enos alimwambia. "Umesoma kama mtu anayepita njia. Soma kama mtu aliyekuwepo." Majirani walikuwa wanasimama dirishani kusikiliza. Hakuna aliyefikiri kwamba mambo hayo yangemfikisha mtu popote.

Jumamosi, Ndugu Loakes alikuja. Alikuwa muuza ngozi, na shemasi pamoja na Enos katika kanisa letu la Kibaptisti. Siku nyingine zote alibisha hodi mlango wa mbele. Siku hiyo alipitia uani, akaingia karakanani kama mtu anayekagua. Aliinua kiatu kilichokuwa mezani, akakigeuza, akakirudisha mbali kidogo na mahali kilipokuwa. Thirza alimletea chai.

"Ahsante, Dada Thirza. Leo sitakunywa."

Thirza alibaki na kikombe mkononi, hajui akiweke wapi.

Loakes alitoa gazeti la mji mfukoni. Mhadhiri alikuwa ameandika kuisifu insha ya Bi K. Tebbutt, na mhariri akachapa sehemu yake. Insha ilihusu mchezo wa kuigiza wa zamani, ambao ndani yake mwanamke anaapa uongo mbele ya hakimu, mkono juu ya Biblia, ili ndugu yake asinyongwe. Keturah alikuwa ameandika kwamba msomaji akimaliza mchezo ule bila kumhurumia mwanamke yule, basi hajausoma.

"Ndugu Enos," Loakes alisema, "binti yako anawafundisha watu kuapa uongo."

"Anasema tumhurumie tu."

"Kuna tofauti gani?"

Enos aliona kuna tofauti, lakini hakuweza kuishika vizuri kwa maneno. Alijikuna kidevu.

"Na mchezo wa kuigiza!" Loakes aliendelea. "Mtoto wa shemasi! Ameuona wapi?"

"Ameusoma. Kwenye kitabu."

"Jumatano kuna mkutano wa kanisa. Atakuja kujieleza. Nimekuja mwenyewe kukwambia, kwa kuwa tumetoka mbali mimi na wewe."

Loakes alipoondoka, Thirza alikinywa kile kikombe cha chai mwenyewe, amesimama, akakimaliza kwa mkupuo mmoja.

"Yaani nilimpa kikombe kizuri," alisema. "Kile cha maua."

Jumatatu mafundi viatu wengi hawakai kazini, hupumzika baada ya ulevi wa Jumapili. Enos hakunywa, kwa hiyo alikuwa peke yake karakanani. Alimwita binti yake.

"Kilete hicho kitabu. Unisomee."

"Baba, mkutano ni keshokutwa."

"Ndiyo maana. Siwezi kusimama kanisani nizungumzie kitu nisichokijua."

Keturah alikileta. Kigoda kilikuwa kimekuwa kifupi mno kwake, akakaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Alianza kusoma kwa sauti moja, kama mtu anayesoma tangazo. Nyundo ikasimama.

"Keturah."

"Ndiyo, baba."

"Nani anasema hapo, dada au hakimu? Sisikii tofauti."

Basi akasoma ipasavyo. Hakimu akampa sauti nzito, dada akampa yake mwenyewe, na yule ndugu muuaji akampa sauti laini ya kubembeleza. Enos aligonga soli ya kwanza, akagonga ya pili. Ilipofika pale ndugu anaachiwa, anatoka mahakamani akiongea na rafiki zake habari za chakula cha jioni, na dada amebaki peke yake anautazama mkono wake alioapia, Enos aliacha kugonga.

"Harudi?" aliuliza.

"Harudi."

"Hata kumshukuru?"

"Hata kumshukuru. Ndio mwisho wa mchezo."

Enos aliiweka nyundo chini. Alikasirika, na hakujua amemkasirikia nani.

"Sasa mimi nimemhurumia," alisema. "Mwongo mkubwa yule, ameapa kwa Neno la Mungu, nami nimemhurumia. Kwa nini?"

"Ndicho nilichoandika, baba."

"Uliandika kwamba nitamhurumia. Hukuandika kama ni halali." Alipangusa mikono kwenye aproni. "Na zaidi ya hapo, hayupo. Hakuna mtu kama huyo. Nimemhurumia nani basi?"

Keturah alikuwa amedhani kwamba miaka miwili ya mihadhara ingemwezesha kujibu swali la fundi viatu. Alikaa pale kigodani, kitabu mapajani, akasema, "Sijui. Nadhani ndiyo sababu nataka kwenda."

Jumatano jioni kanisa lilijaa kuliko siku za sala. Mchungaji Pridmore, mtu mwembamba mwenye mafua yasiyoisha, alimwomba Keturah asimame mbele.

"Dada Keturah, umewahi kuingia kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza?"

"Hapana, Mchungaji."

"Huu mchezo uliouandikia, uliusoma tu?"

"Niliusoma tu."

"Kwa macho?" Ndugu Loakes aliuliza kutoka benchi la mashemasi.

"Kwa macho."

"Midomo haikutikisika?"

Watu walicheka, wakanyamazishwa. Mzee mmoja wa nyuma alitaka kujua kama mtu akisoma maneno ya Shetani katika Injili kwa sauti, naye anaigiza. Mchungaji akasema hilo ni jambo jingine. Mzee akauliza ni jingine vipi. Mchungaji akapenga kamasi, na alipomaliza akauendea upande mwingine kabisa.

"Dada, insha hii imewakwaza ndugu. Je, unaijutia?"

Jibu la kumaliza shauri lilikuwa moja tu, na watu wote mle ndani walilijua. Thirza, kwenye benchi la tatu, alikuwa analisema kimoyomoyo, midomo yake ikitikisika: ndiyo, sema ndiyo, twende nyumbani.

"Sijui, Mchungaji," Keturah alisema.

"Hujui?"

"Nimejiuliza tangu Jumamosi. Nikisema najuta, nitakuwa nathibitisha mbele za Mungu jambo nisilokuwa na hakika nalo. Nikisema sijuti, vilevile. Nisamehe. Sijui."

Minong'ono ilipita kutoka benchi hadi benchi. Hapo ndipo Enos aliposimama. Alikuwa amekusudia kusema maneno machache: kwamba ameujua mchezo huo, na haukumdhuru mtu.

"Ndugu zangu, mimi mwenyewe nimeusikia. Alinisomea. Na nimekaa salama."

"Alikusomea lini?" Loakes aliuliza.

"Juzi. Jumatatu."

"Baada ya mimi kukuletea shitaka?"

Enos aliona shimo, lakini mguu ulikwisha ingia. "Baada."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Tena alizibadilisha. Ya dada, ya hakimu. Alisoma vizuri sana."

"Na wewe, shemasi, ulikaa ukasikiliza?"

"Niliendelea na kazi," Enos alisema, jasho likimtoka. "Niligonga mpaka karibu na mwisho. Kisha nikaacha."

Kanisa lilivuma. Keturah alifumba macho. Ndugu Loakes alisimama, na wote waliotarajia angefurahi walishangaa kumwona anaikunja kofia yake mikononi.

"Mnadhani nafanya ukatili," alisema. "Nyote mnamkumbuka Jabez wangu. Alianza hivihivi. Kitabu chini ya mto. Nikasema ni kitabu tu, acha kijana asome. Kisha wakapita wale waigizaji wa mahema, akawafuata, na mpaka leo sijui kama mwanangu yu hai. Sitaki Ndugu Enos aje kukaa usiku kusikiliza mlango kama mimi." Aliketi, akajifunika uso kwa kofia.

Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana. Kura ilipigwa kwa kuinua mikono. Enos alivuliwa ushemasi, na wote wawili, baba na binti, wakasimamishwa kushiriki Meza ya Bwana. Oktoba wangesimama tena mbele ya mkutano kuonyesha majuto yao, na asiyefika jina lake lingefutwa. Thirza hakuinua mkono upande wowote. Alikuwa ameikunja yote miwili kwenye mapaja, anaitazama kana kwamba si yake.

Njiani kurudi nyumbani alitembea mbele yao.

"Thirza," Enos aliita. "Nilitaka kusaidia."

"Nimeona ulivyosaidia. Tuliondoka na mwenye kosa mmoja, tunarudi na wawili."

Ijumaa Bi Haviland alifika. Thirza alikuwa amepiga deki tangu alfajiri, akaoka mkate wa zabibu kavu, ingawa hakuna aliyemtarajia mgeni kuwa na la kusema ila pole. Bibi huyo alikuwa ametokea kwa mchungaji. Aliingia akicheka, akaketi, akavua glavu, akacheka tena.

"Mtanisamehe," alisema. "Mchungaji wenu amenieleza yote. Wazee wazima wanakaa kujadili kama midomo ya msichana ilitikisika! Nitawasimulia wenzangu kwenye kamati, hawataamini."

Enos alitabasamu kwa adabu. Thirza alikuwa na kisu cha mkate mkononi, akakiweka chini.

"Kinachochekesha ni nini, Bibi?" aliuliza.

"Mama mpendwa, yote!"

"Si jambo la kuchekesha, Bi Haviland," Keturah alisema. Sauti yake ilimshtua mwenyewe. Siku mbili alikuwa amejilaza kitandani akiwachukia watu wale wote, mmoja mmoja na kwa majina, na sasa alikuwa anawatetea. "Mmoja wao amempoteza mwanawe. Na hao ndio walionifundisha kwamba neno moja lina uzito. Huko kwenu nimeambiwa ni fasihi. Kwetu watu hawalali kwa ajili yake."

Bi Haviland akavaa uso mwingine, wa kazi.

"Mchungaji wako alisema kitu cha aina hiyo," alisema. "Nilimuuliza kama anaweza kuithibitisha tabia yako. Akasema hawezi, kwa kuwa umesimamishwa. Nikafunga mkoba. Nilipofika mlangoni akaniita. Akasema kanisani kwake, msichana huyu aliulizwa swali lenye jibu rahisi, jibu ambalo lingemwokoa, akasema hajui kwa sababu hakujua. Akasema katika miaka yake yote mimbarani hajamsikia mwingine aliyejibu hivyo." Alichukua kipande cha mkate. "Hilo linatutosha. Nafasi ni yako. Nahitaji jibu ifikapo Jumatatu."

Hakuna aliyeshangilia. Habari njema ilikuwa imeingia kwa mlango mbaya.

"Jambo moja dogo," bibi alisema alipokuwa anavaa glavu. "Unaandika vizuri mno. Ila unapozungumza, unameza herufi. Ni lafudhi ya huku. Chuoni tutairekebisha. Mtu hawezi kufundisha Kiingereza na lafudhi hiyo."

Mlango ulipofungwa Thirza alikusanya makombo kwa kiganja.

"Herufi tunazomeza ni zetu," alisema, "hatukuziiba kwa mtu."

Jumamosi walikula maini na vitunguu.

"Oktoba hutakuwepo," Enos alisema. "Watalifuta jina lako."

"Najua, baba."

"Na ukibaki?"

"Nikibaki itabidi nisimame niseme najuta. Nitakuwa nimeapa uongo."

"Kama yule mwanamke."

"Yule alikuwa na ndugu wa kumwokoa. Mimi nitakuwa namwokoa nani?"

"Mama yako, labda," Thirza alisema, akaondoka mezani.

Walimsikia amekaa kwenye cherehani chumba cha pili. Hakuwa anashona. Alikuwa anauzungusha tu mkono wa cherehani, bila ngozi, bila uzi. Enos alitaka kumfuata, akafika nusu ya chumba, akarudi. Keturah alitaka kumfuata, baba yake akamshika mkono. Wakabaki wamesimama katikati ya chumba kama watu waliosahau walichokuja kuchukua.

Jumatatu Keturah alipeleka jibu lake posta, na jibu lilikuwa ndiyo. Itatosha kusema kwamba alikwenda, na kwamba jina lake kanisani lilifutwa. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mwanazuoni anayefundisha michezo ya kale kwenye chuo hichohicho, wanafunzi walimuuliza alianzaje kuipenda kazi hii. Kila mara alitoa jibu tofauti, na majibu yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililomridhisha. Lafudhi waliirekebisha. Alipokuja likizo ilimchukua siku mbili kuzoea tena kuzungumza na mama yake, na siku mbili nyingine kuizoea tena lafudhi ya chuoni aliporudi.

Lakini kabla ya treni kulikuwa na Jumapili ya kwanza ya mwezi, Jumapili ya Meza ya Bwana. Desturi yetu ni kwamba waliosimamishwa hukaa juu, kwenye roshani, wakiwatazama wenzao wanaposhiriki. Ngazi ya roshani iko mbele ya kanisa, kila mtu anakuona unapopanda. Enos alipanda akiwa na suti yake nyeusi, aliyekuwa shemasi kwa miaka kumi na minne, na Keturah nyuma yake. Huko juu palikuwa na vumbi, benchi moja refu, na mlevi mmoja aliyesimamishwa tangu mwaka uliotangulia, ambaye alisogea kuwapa nafasi kwa heshima kubwa.

Chini, mkate ulianza kupita. Ndugu Loakes ndiye aliyeubeba, kutoka benchi hadi benchi. Keturah aliona kitambaa cha kichwa cha mama yake kwenye benchi la tatu, peke yake, nafasi mbili tupu upande wake wa kulia. Aliona mkate unamfikia. Aliona Loakes ameinama na sahani, anasubiri, na mama yake hachukui. Loakes alimnong'oneza kitu. Thirza alitikisa kichwa. Akasimama, akamwomba mwanamke wa pembeni apishe miguu, akatoka kwenye benchi.

Kanisa zima liligeuka. Alitembea taratibu, viatu vyake vikilia sakafuni, akaufikia mlango wa ngazi mbele ya macho ya wote, akapanda. Ngazi zile ni za mwinuko, na magoti yake hayakuwa mazuri. Walimsikia akipumzika katikati. Mchungaji Pridmore alikuwa amesimama na kikombe mkononi.

Thirza alitokea juu, uso mwekundu, akihema. Enos aliinuka nusu, machozi yamemlenga, akanyoosha mkono.

"Thirza wangu," alinong'ona.

"Sogeeni huko," Thirza alisema, wala hakunong'ona. "Na msiniongeleshe. Bado nina hasira na nyie wote wawili."

Wakasogea, na mlevi naye akasogea. Thirza akaketi katikati yao.